Maji ya Chupa na Maji ya Mfereji

 

Ndugu zetu wasomaji, tuliulizwa swali na bibi mmoja wa Awasi, nasi siku ile hatukuweza kulijibu. Tumeona ni wajibu wetu kulijibu hapa mbele yenu nyote, kwani lawama iliyokuwamo ndani ya swali lile haikutuhusu sisi peke yetu. Yawahusu wengi katika watu wa miji yetu ya pwani, hasa wale ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia riziki.

Awasi ni mji mdogo wa soko katika njia kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, ukiisha kuupita Ahero. Ni nchi ya tambarare ya Kano: udongo mweusi mzito, mashamba ya mpunga upande mmoja na miwa upande wa pili, na mto Nyando ukipita kuelekea Ziwa Victoria na maji yake mekundu ya tope. Waislamu wa huko ni wachache kati ya jirani zao Wajaluo, walio wengi wao Wakristo, nao wanaishi nao kwa wema. Tulialikwa huko kwa shughuli ya madrasa. Baada ya sala ya Alasiri tulisomesha mlango wa twahara, aina za maji na hukumu zake, kama tulivyousoma sisi kwa masheikh wetu tulipokuwa vijana. Kisha tukaandaliwa chakula.

Mbele yetu sisi wageni paliwekwa chupa za maji ya dukani, kila mtu na yake. Wenyeji wetu, pamoja na mzee muadhini aliyetupita umri kwa miaka mingi, walikunywa maji ya pipa lililokuwa pembeni, wakiyachota kwa kikombe kimoja. Wala hatukuona ajabu yoyote, mpaka alipotujia bibi huyo, ambaye mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa ametoka hospitali siku chache zilizopita kwa maradhi ya kuhara. Akasema: “Sheikh, niwie radhi. Haya maji tunayokunywa sisi, nyinyi mmeyaogopa. Ikiwa ni ya kuogopwa, mbona mmetusomesha habari za maji tangu Alasiri na jambo hilo hamkutwambia? Na ikiwa si ya kuogopwa, mbona hamkuyanywa?”

Tulimjibu kwamba tumbo la mgeni halijazoea maji ya nchi. Akasema: “Na tumbo la mtoto wa miaka miwili limezoea?” Tukanyamaza, na chupa tuliyokuwa nayo mkononi ilikuwa imekwisha nusu.

Basi hebu na tulitazame jambo hili kwa utulivu, mlango baada ya mlango.

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba maji kuwa twahara ni jambo moja, na maji kuwa salama kwa kunywa ni jambo jingine. Tumesoma katika vitabu vya Imamu Shafi kwamba maji yakifikia kullatayni, nayo ni kiasi cha lita mia mbili na kitu kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayakubadilika rangi wala ladha wala harufu. Hukumu hii ni ya kweli, nayo ni rehema kwa watu, kwani lau isingalikuwa hivyo ibada ingalikuwa mashaka makubwa. Lakini hukumu hii yatwambia maji gani yafaa kwa udhu na josho. Haitwambii maji gani hayatamdhuru mtoto akiyanywa. Mafakihi wenyewe hawakuchanganya mambo haya mawili. Udongo ni twahara, twatayamamu kwao. Walakini walisema kuula udongo wenye kudhuru ni haramu. Na sumu yaweza kuwa twahara, isiinajisi nguo ya mtu, na kuinywa kukawa ni kujiua.

Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Havibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Mwaka 1854 ulizuka ugonjwa wa kipindupindu mjini London, katika mtaa wa Soho, na tabibu mmoja, John Snow, akaonyesha kwamba waliokufa walikuwa wakinywa maji ya bomba moja lililokuwa katika njia ya Broad Street. Maji yale watu waliyapenda. Mjane mmoja aliyekuwa amehama mtaa ule na kwenda kukaa Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda hata akawa akiletewa chupa yake kutoka kisima kile. Akanywa, akafa kwa kipindupindu huko alikohamia, na huko hakukuwa na ugonjwa. Tazama basi: yalikuwa maji mazuri kwa ulimi, yaliyochukuliwa kwa gharama, yakaletwa ndani ya chupa, nayo yalikuwa mauti. Ladha haikumwonya, wala chupa haikumkinga.

Nasi watu wa pwani tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu ya watu, na tabibu James Christie, aliyekuwapo huko, akatunga kitabu kizima juu ya habari zake. Katika zama zetu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo hakikukatika ila hurudi. Kilienea katika kaunti nyingi kuanzia Oktoba 2022 na mwaka wote wa 2023, na mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza tena wagonjwa, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotajwa. Nchi ya Kano hupatwa na mafuriko. Maji ya mto yakitoka katika kingo zake huingia vyooni na visimani bila kubisha hodi, na udongo ule mweusi haushiki mashimo vizuri wakati wa mvua. Basi bibi yule hakuuliza swali la upuuzi. Aliuliza swali la uhai wa mjukuu wake.

Jambo la pili: watu wamegawanyika makundi mawili katika jambo hili, na kila kundi lina kosa lake.

Kundi la kwanza ni wale wasemao: “Wazee wetu walikunywa maji ya mtungi na ya kisima, wakaishi miaka themanini. Mlinzi ni Mwenyezi Mungu.” Twamjibu mwenye kusema hivi kwamba mlinzi ni Mwenyezi Mungu bila ya shaka, naye ndiye aliyetukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Na wazee walioishi miaka themanini twawajua kwa sababu waliishi. Wale waliokufa watoto wachanga hatuwahesabu, kwa kuwa hawakubaki wakatusimulia. Nenda makaburini katika miji yetu ya zamani ukatazame vikaburi vidogo ni vingapi.

Wengine hufukiza mtungi kwa ubani wakaona maji yamesafika. Kufukiza ni desturi nzuri ya nyumba zetu, na harufu yake yapendeza, lakini moshi wa ubani hauui vijidudu. Na wengine mtoto akiharisha humkimbilia mwenye kuandika kombe, wakaliosha kwa maji yale yale yaliyomtia maradhi, wakamnywesha. Hili ni jambo la kusikitisha. Mtume wetu ametuamuru tujitibu, na mtoto anayeharisha apewe maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari ya kipimo, kama yale ya pakiti zitolewazo zahanati, na apelekwe kwa tabibu upesi.

Kundi la pili ni wale waliofanya chupa kuwa heshima. Katika arusi zetu, na hitima zetu, na hata katika vikao vya elimu, mgeni asipowekewa chupa huonekana amedharauliwa. Mtu hufungua chupa, akanywa mafunda mawili, akaiacha. Akakaa mahali pengine, akafungua nyingine. Huu ni israfu ulio wazi. Na msingi wake ni dhana kwamba kila kilichomo ndani ya chupa ni safi, na kila kitokacho mferejini ni uchafu. Dhana hii yahitaji kupimwa.

Kwanza, si kila maji ya chupa ni maji ya madini. Maji ya madini kwa hakika yake ni yale yatokayo chini ya ardhi katika chemchemi ijulikanayo, yakiwa na madini yake ya asili. Mengi yauzwayo madukani mwetu siyo hayo. Ni maji ya kisima kirefu au ya mfereji, yaliyochujwa kwa mitambo, yakatiwa chupani, yakabandikwa karatasi yenye picha ya mlima. Wala hilo si udanganyifu ikiwa karatasi yasema kweli, na maji hayo yaweza kuwa salama kabisa. Lakini mnunuzi na ajue anunualo. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola ilileta Uingereza maji yake yaitwayo Dasani. Ikajulikana kwamba asili yake ni maji ya mfereji ya Sidcup, pembezoni mwa London, yaliyosafishwa zaidi. Kisha ikaonekana kwamba katika kuyatengeneza yalizidi kiasi cha bromate kilichoruhusiwa na sheria ya huko, kampuni ikayaondoa yote sokoni mwezi wa Machi mwaka ule ule. Yaani maji ya mfereji yaliingia kiwandani yakiwa ndani ya sheria, yakatoka yamekiuka sheria.

Na hapa kwetu Kenya, Shirika la Viwango limelazimika mara kadhaa kuwafutia au kuwasimamishia ruhusa watengenezaji wa maji ya chupa ambao maji yao hayakufikia kipimo. Wako pia wajanja waokotao chupa tupu, wakazijaza popote, wakazifunga vizuri, wakaziuza penye magari. Basi anunuaye na atazame kizibo kama hakijavunjwa, atazame alama ya ubora na nambari yake, na nambari hiyo yaweza kuulizwa kwa ujumbe wa simu kwa 20023. Na mwezi wa Januari 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani walitangaza kwamba katika lita moja ya maji ya chupa waliyoyapima walikuta kwa wastani vipande kama 240,000 vya plastiki, vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Madhara yake kwa mwili bado yanachunguzwa, nasi hatumtishi mtu kwa jambo lisilothibiti. Twasema tu kwamba usafi wa chupa si wa kuchukuliwa kuwa ni yakini.

Pili, itazameni hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita, kila mtu akinywa lita mbili kwa siku. Hizo ni lita 12. Ikiwa chupa ya nusu lita ni shilingi 30, lita moja ni shilingi 60, na nyumba ile itatumia shilingi 720 kwa siku, yaani shilingi 21,600 kwa mwezi, kwa maji ya kunywa tu. Ikiwa jerikeni ya lita 20 kutoka mfereji wa kuuzia maji ni shilingi 10, nyumba ile ile itatosheka kwa jerikeni moja kwa siku, yaani shilingi 300 kwa mwezi, na dawa ya klorini ya kuyasafisha haiongezi ila kidogo. Tofauti ni mara sabini na zaidi. Kwa tofauti hii yasomeshwa watoto. Basi kumwambia maskini wa Awasi, au wa Kisauni, au wa Likoni, kwamba usalama wake umo katika chupa, ni kumwambia kwamba hana usalama.

Jambo la tatu: jee, yafaa Muislamu kununua maji mazuri na kujipendelea? Hapa hatutaki kuwa wakali pasipo dalili. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kwamba Mtume alikuwa akiletewa maji matamu kutoka Buyutis-Suqya, mahali palipo mbali na Madina. Na alikuwa akiingia katika bustani ya Abu Talha iitwayo Bayruha, akinywa maji yake mazuri. Basi kupenda maji matamu na kuyatafuta si katika israfu wala si kinyume cha uchaji Mungu. Kadhalika maji yaliyokwisha kuchotwa na kuwekwa chomboni ni mali ya aliyeyachota, na kuyauza kwafaa kwa kauli ya wanavyuoni. Muuzaji wa chupa na mwenye mkokoteni hawana lawama maadamu wauza kwa haki.

Lakini Mtume huyo huyo alikataza kuzuia maji ya ziada yaliyomshinda mtu kuyatumia, na akafundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Alimjulisha Saad bin Ubada, aliyetaka kumtolea mama yake sadaka, kwamba sadaka bora ni maji, na Saad akachimba kisima. Na kisa kikubwa zaidi katika mlango huu ni kisa cha kisima cha Ruma.

Waislamu walipohamia Madina hawakuwa na maji matamu ila ya kisima kile, na mwenye kisima alikuwa akiyauza. Maskini walipata taabu. Mtume akawahimiza watu: nani atakinunua, kisha ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu, apate kilicho bora kuliko hicho Peponi? Seyyidna Uthmani bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakitoa wakfu.

Ndugu zetu, tulizingatie sana jambo hili. Uthmani alikuwa tajiri. Alikuwa akiweza kununua viriba kila siku kwa ajili ya nyumba yake, akanywa maji matamu yeye na watoto wake mpaka kufa kwake, wala hapana ambaye angalimlaumu. Shida ya maji kwake yeye haikuwa shida. Akaona kwamba madhali shida ile ipo kwa majirani zake, basi haijamwondokea. Hakununua maji, alinunua kisima. Kisha hakujiwekea ndoo ya pekee.

Hapa ndipo tulipoliona jawabu la bibi wa Awasi. Kosa letu siku ile halikuwa kunywa maji ya chupa. Msafiri aogopaye maradhi anaruhusiwa kujilinda, na pengine yampasa. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliujua ubaya, tukajikinga nao sisi wenyewe, tukawasomesha wenyeji wetu kullatayni, na juu ya kile tulichokiogopa tukanyamaza. Tulikuwa na elimu mbili, tukawapa moja, na ya pili tukainywa pale pale mbele yao.

Na lina madhara mengine jambo hili, ambayo hayaonekani upesi. Mwenye duka, na mwalimu, na karani, na sheikh, wote wakihamia katika chupa, ni nani atakayekwenda kudai mfereji utengenezwe? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji zimekabidhiwa serikali za kaunti. Lakini haki isiyodaiwa hulala. Mwenye sauti akiisha kutoka katika foleni ya mfereji, foleni hukosa msemaji; hubaki wanawake na watoto na ndoo zao.

Wazee wetu waliyaelewa haya. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 mpaka 1888, aliyavuta maji ya chemchemi kwa mfereji mpaka mjini, watu wakayapata bila ya malipo. Na Mombasa ilipoungwa na chemchemi za Mzima kwa bomba lililomalizika mwaka 1957, yalifika maji ya mbali mpaka mferejini mwa mtu wa kawaida. Maji hayo leo hayatoshi, na mji umekua mara nyingi. Lakini dawa ya upungufu wa maji ya wote ni kuyaongeza na kuyatengeneza, si kila mwenye fedha kujitengea yake.

Pengine mtu atasema: “Hayo ni ya serikali. Sisi tufanye nini leo, na mfereji watoa maji mara moja kwa wiki, na hatuyaamini?” Hilo ni swali la haki, na jawabu lake ni kama hivi.

Kwanza, mtu na ayajue maji yake. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini mtamboni yaweza kuwa salama yakitoka huko, kisha yakachafuka njiani katika bomba lililopasuka, au nyumbani katika pipa lisilooshwa. Maji ya kisima kirefu yaweza kuwa hayana vijidudu, lakini yakawa na madini ya fluoraidi kupita kiasi, kama yalivyo katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, nayo hutia meno rangi na kudhuru mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Ulimwenguni ni miligramu 1.5 kwa lita. Fluoraidi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Kwa hiyo kisima kipya na kipimwe kabla ya kutolewa wakfu, na mwenye kutoa asione gharama ya kupima kuwa ni hasara.

Pili, maji yasiyoaminika yasafishwe nyumbani. Yenye tope yatuliwe kwanza na kuchujwa kwa kitambaa safi. Kisha yachemshwe mpaka yatokote barabara, dakika moja yatosha. Au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya dawa, yangojwe nusu saa. Na asiye na kuni wala fedha ya dawa aweza kujaza maji maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki, akailaza juani saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Hivi ndivyo chupa iliyotupwa na tajiri yaweza kumfaa maskini. Huko Busia, si mbali na Kisumu, mtaalamu Michael Kremer, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walionyesha kwamba klorini ikiwekwa pale pale kisimani, bila ya malipo, watu huitumia. Ikiwa ni ya kununuliwa dukani, wengi huiacha. Na sisi twasema: kuijaza klorini penye kisima ni sadaka ndogo ya fedha, kubwa ya thawabu.

Tatu, chombo. Mtume alituamuru kuvifunika vyombo na kuvifunga viriba usiku. Alikataza kunywa kwa mdomo wa kiriba, na kupumulia ndani ya chombo, na kukojoa katika maji yaliyotuama, na kujisaidia penye njia ya maji. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya darubini ya matabibu kuwaonyesha vijidudu, adabu hizi zilikuwa zimekwisha kufundishwa. Ni aibu kwetu kuzisoma kwa sauti nzuri, kisha pipa la msikiti likabaki wazi, na kila mkono ukaingia humo na kikombe. Pipa na lifunikwe, na lina haja ya mfereji wake wa chini, ili mtu apate maji bila ya kuchovya.

Nne, chupa ibaki mahali pake. Ni ya safari, ni ya mgonjwa, ni ya siku za mafuriko na za maradhi ya kuenea, maji mengine yasipopatikana. Anayeifungua na aimalize, wala asiitupe mtaroni. Mfereji wa mvua ukizibwa na chupa, maji machafu hurudi nyumbani mwa watu, na tutakuwa tumeyakimbia maradhi kwa mkono mmoja na kuyaita kwa mkono wa pili.

Tano, katika misikiti na madrasa na vikao vyetu, watu wote wanywe maji mamoja. Ikiwa kuna chupa za kuwatosha wote, wapewe wote. Ikiwa hazitoshi, fedha ya chupa inunue klorini, na sheikh anywe katika pipa pamoja na muadhini. Tunajua kwamba baadhi ya masheikh wenzetu hawatalipenda neno hili.

Na sita, wenye mali wanaotaka kumtolea marehemu wao sadaka, wasipeleke katoni za chupa zitakazokwisha siku moja. Na watie mabati ya msikiti michirizi, waweke tangi la maji ya mvua lenye kifuniko na mfereji, na liwe wazi kwa jirani asiye Muislamu kama lilivyo wazi kwa Muislamu. Mtume ametueleza kwamba mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake. Basi itakuwaje kwa mwenye kumnywesha mwanadamu, na jirani ana haki ya ujirani?

Tumemwandikia bibi wa Awasi barua, na maneno yake ni haya kwa ufupi: Maji yenu yalistahiki kuogopwa, nawe ulisema kweli. Yatieni dawa, mlifunike pipa, na mtoto asipewe maji ambayo hayajachemshwa. Sisi tulikosea kunyamaza, nasi twakuomba radhi. Darasa letu limekubaliana kuacha kununua chupa za vikao vyake, na fedha hiyo iwekwe kidogo kidogo mpaka ipatikane bei ya tangi la msikiti wenu. Halijapatikana bado. Anayetaka kutia mkono wake na autie.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie upungufu wetu, atujaalie elimu yenye manufaa, na aziweke ndoo zetu pamoja na ndoo za wenzetu. Amin.